SOMO: Simu ikisema "sasisha", ukubali au ukatae?



Leo hatusomi habari za malaria wala za kunyonyesha. Tunasoma habari za simu, kwa sababu siku hizi tarehe ya kliniki ya mtoto, namba ya dada aliyeko ng'ambo na hata hela ya chakula vimo humo. Simu ikikwama, mara nyingine mgonjwa naye hukwama.

Simu ya kugusa kioo ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayozibeba nyingine zote. Kwa wengi wetu ni Android. Wenye iPhone wana iOS. Mfumo huo huomba kusasishwa mara kwa mara, au kama tunavyosema mitaani, kuapdeti. Wako wanaokubali kila kitu. Wako pia wanaokataa kabisa, wakisema apdeti huharibu simu.

Wanaokataa hawajakosea moja kwa moja. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya iPhone kadhaa zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Tena toleo jipya laweza kula gigabaiti nzima au zaidi, na bando tunanunua kwa shida.

Lakini sikia yaliyozipata hospitali za Uingereza. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu ndani ya Windows. Kompyuta nyingi za hospitali hazikuwekewa. Tarehe 12 Mei mwaka huo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika tundu lile lile, kikafunga mafaili na kudai fedha. Maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Chanjo ilikuwepo miezi miwili kabla, haikuchomwa.

Kwa hiyo usichanganye mambo mawili. Sasisho la usalama huziba matundu tu, na kwa kawaida ni dogo: likubali. Kuhamia toleo jipya kabisa ni jambo jingine. Simu yenye kumbukumbu ndogo yaweza kuwa nzito, basi muulize kwanza mwenye simu kama yako aliyekwisha kulijaribu.

Kubaki nyuma nako kuna mwisho. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizofika iOS 15.1. iPhone 6, iliyotoka 2014, huishia iOS 12, hata ikiwa inang'aa kama mpya. Ukienda Lilongwe kununua simu iliyotumika pale soko la Tsoka, usitazame kioo na kamera peke yake. Fungua mipangilio, ingia "Kuhusu simu", soma namba ya mfumo na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kabla hujatoa kwacha. Muuzaji akikuzuia kufungua, rudi na hela yako.

Kabla ya kusasisha, chaji betri ijae, na andika namba muhimu kwenye daftari la karatasi. Sasisho la kweli hutoka ndani ya mipangilio ya simu yenyewe. Kiungo kinachokuja kwa ujumbe kikisema "apdeti haraka", au faili la WhatsApp unalorushiwa na rafiki, usiliguse.

Mwenye kitochi asihuzunike. Huduma ya Chipatala Cha Pa Foni, yaani hospitali ya kwenye simu, ilipoanza wilayani Balaka mwaka 2011, mtu alipiga tu na kuongea na mhudumu wa afya.

Na kama simu yako haipati tena sasisho lolote, itumie kupiga na kupokea. Ila usiweke humo namba ya siri ya hela wala picha za majibu ya vipimo vyako.