Mkono Unaojifunza Kusema: Shughuli za Vitendo na Ukuzaji wa Kiswahili katika Darasa la Chekechea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya shughuli za vitendo katika kukuza umilisi wa Kiswahili wa mtoto wa chekechea. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mtoto anaposhika, anapopanga, anapofungua na anapotunga vitu kwa mikono yake huku akizungumza, huijenga sarufi ya lugha kwa namna ambayo kukariri peke yake hakuwezi kumwezesha. Mifano imetolewa katika ngeli, silabi, kauli ya kutendua na kitendawili. Mwishoni, makala yanaonyesha kwa nini suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wala si walimu wa watoto pekee.

Utangulizi

Si ajabu kwa mpita njia anayepita karibu na darasa la chekechea kusikia sauti za watoto zikipaa kwa pamoja: moja, mbili, tatu, hadi kumi, kisha zikirudia tena. Mzazi anayeisikia sauti hiyo huridhika kwamba karo yake haipotei bure. Jioni hulifungua daftari la mwanawe kutafuta kazi iliyoandikwa, na asipoiona hulalamika kwamba mtoto ameshinda akicheza. Kwa mzazi wa aina hii, kucheza na kusoma ni mambo mawili yasiyopikika chungu kimoja.

Mtazamo huo ndio unaohojiwa hapa. Tangu Januari 2019, Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini, miaka miwili ya elimu ya awali, yaani PP1 na PP2, imekuwa msingi rasmi wa safari ya mwanafunzi, na mtaala huo unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Hata hivyo, kutenda kunaweza kufanywa bila lugha, na lugha inaweza kufundishwa bila kutenda. Swali la msingi ni hili: viwili hivyo vinapokutana, Kiswahili cha mtoto hunufaika vipi?

Usuli wa Kinadharia na wa Kihistoria

Wazo kwamba mtoto hujifunza kwa mikono si geni. Friedrich Froebel alianzisha taasisi yake ya watoto mjini Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, akawapa watoto mipira, miche na vipande vya mbao wavipange na kuvipangua. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907. Miongoni mwa zana zake maarufu ni herufi zilizokatwa kutokana na msasa, ambazo mtoto huzifuata kwa kidole kabla ya kushika kalamu. Jean Piaget alieleza kwamba fikra za mtoto mchanga huanzia katika kuhisi na kutenda. Naye Lev Vygotsky alitilia mkazo mtagusano: mtoto hulifanya leo kwa msaada wa mwenzake aliyemtangulia jambo ambalo kesho atalifanya peke yake, na chombo kikuu cha msaada huo ni lugha. Makala haya yanauegemea zaidi mtazamo wa Vygotsky, kwa kuwa ndio unaokiweka kitendo na neno mahali pamoja.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Mwaka 1984, Kituo cha Kitaifa cha Elimu ya Watoto Wachanga kiliundwa chini ya iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya. Katika miaka hiyo ya 1980, mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na baadaye ukaenea Zanzibar na Uganda. Mpango huo uliyaunganisha mafunzo ya dini na ujifunzaji amilifu, na darasa likagawanywa katika pembe zenye vifaa vilivyotoka katika mazingira ya watoto wenyewe: vifuu, makumbi, mbegu, kombe za baharini na vizibo vya chupa. Umuhimu wa mfano huu ni kwamba kifaa na jina lake vilitoka nyumbani kwa mtoto. Mtoto wa pwani hakuhitaji kutafsiriwa kifuu.

Kuhesabu kwa Kinywa na Kuhesabu kwa Mkono

Turejee kwa watoto wanaoimba moja, mbili, tatu. Orodha hiyo, jinsi inavyokaririwa, huchukua umbo la upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Inatosha mtoto anapohesabu mbegu: mbegu moja, mbegu mbili, mbegu tatu. Lakini mpe mtoto huyo vizibo kumi mkononi, na Kiswahili kitamdai jambo jingine: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Mpe mawe naye atadaiwa mawili, matatu, manne. Akiwahesabu wenzake walioketi mkekani, itambidi aseme wawili, watatu, wanne. Akihesabu mipira, aseme miwili, mitatu, minne.

Hapa pana siri ambayo kukariri hakuifichui. Katika mfululizo wa vizibo, mtoto afikapo sita, kiambishi hutoweka: sita, saba. Kisha hurejea katika vinane, na kutoweka tena katika tisa na kumi. Sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo hayapokei viambishi vya ngeli. Kumi, ingawa ni neno la Kibantu, halipokei pia. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuelezwa asili ya maneno. Anachohitaji ni kuvihamisha vizibo kutoka bakuli moja hadi jingine mara nyingi, akisema na kusikia, mpaka masikio yake yakatae viwili badala ya mawili pale anaposhika mawe.

Kwa hiyo, somo la hesabu linalofanywa kwa vitu halisi katika Kiswahili ni somo la sarufi papo hapo. Mwalimu anayeibandika chati ya tarakimu ukutani na kuishia hapo huwanyima watoto somo hilo la pili. Kinachotakiwa si zana za gharama. Trei moja yenye vijiti, mawe, mbegu, nyuzi na vizibo hutosha kuwakilisha ngeli kadhaa, na zoezi la kutenganisha vitu kwa makundi humpa mwalimu nafasi ya kuuliza: vijiti viko wapi? Mawe yako wapi? Nyuzi ziko wapi? Mtoto hujibu kwa mkono kwanza, kisha kwa kinywa.

Makofi na Silabi

Kiswahili kina bahati ya kuwa na vokali tano na tahajia inayokaribiana sana na matamshi. Ndiyo maana mbinu ya silabi huzaa matunda mapema. Kupiga makofi kwa kila silabi ni shughuli nyepesi inayozifanya silabi zihisike mwilini. Neno baba hupigiwa makofi mawili, na neno mtoto makofi matatu: m-to-to.

Zoezi hili huonekana dogo, lakini hugusa suala ambalo hata mwanafunzi wa fonolojia chuoni huhitaji kulifikiria. Maneno mbuzi na mbwa huanza kwa herufi zilezile mbili, ilhali mbuzi hugawanywa mbu-zi na mbwa hugawanywa m-bwa. Katika neno la pili, nazali huwa silabi kamili, tena hubeba shadda, kwa kuwa shadda ya Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hali ni hiyo katika nchi na nge. Mtoto anayepiga makofi mawili kwa neno mbwa ameitambua silabi ya nazali kabla ya kukutana na istilahi yake.

Baada ya makofi huja herufi. Trei ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na kadi za silabi zilizokatwa kutokana na maboksi humwezesha mtoto kuliunda neno, kulivunja na kuliunda upya bila hofu ya kifutio. Utamaduni wa chuo cha Kurani katika mwambao ulilijua jambo hili kwa njia yake: pamoja na kukariri, mtoto aliandika kwenye ubao wa mbao, ukaoshwa, akaandika tena. Mkono na ulimi vilifanya kazi sako kwa bako.

Kufunga na Kufungua: Kauli ya Kutendua

Pembe ya vifaa vya nyumbani huwa na mikebe yenye vifuniko, chupa, vitambaa, vikapu na vifungo. Watoto hupenda kuvifunga na kuvifungua vitu hivi pasipo kuchoka. Mwalimu asiye na subira huona fujo. Mwanaisimu huona kauli ya kutendua ikizaliwa. Mtoto hufunga na kufungua, huziba na kuzibua, hukunja na kukunjua, hubandika na kubandua, hufumba macho na kuyafumbua. Kila jozi ina vitendo viwili vinavyopingana, na maana ya kitendo cha pili huonekana wazi mbele ya macho: kile kilichotendwa sasa kimetenduliwa.

Ni vigumu kumweleza mtoto wa miaka mitano maana ya mofimu. Ni rahisi kumkabidhi kitambaa akikunje, kisha akikunjue, huku mwalimu akitamka vitenzi hivyo kwa wakati wake. Halikadhalika, pembe ya maji na mchanga hukuza vitenzi ambavyo picha haziwezi kuvitofautisha vyema: kumimina na kumwaga, kujaza na kufurika, kuchota na kuteka, kupepeta na kuchekecha. Vipimo vya jadi navyo vinaweza kurudi darasani. Mtoto anayekijaza kibaba mara nne ili apate pishi moja hujifunza kipimo, neno na utamaduni kwa mpigo mmoja.

Kutoka Mkononi hadi kwenye Fasihi

Kwa mwanafunzi wa fasihi, lililo la kuvutia zaidi ni jinsi istilahi za sanaa ya lugha zilivyotokana na kazi za mikono. Mshairi hutunga beti kama vile shanga zinavyotungwa uzini. Mhakiki huzungumzia msuko wa matukio, na ukili pia husukwa. Fumbo ni la jamii moja na kufumba, iwe ni macho au mkono. Kitendawili hutegwa na kuteguliwa, sawa na mtego. Mtoto ambaye hajawahi kutunga, kusuka wala kutega atazipokea istilahi hizi baadaye kama majina matupu.

Shughuli moja inayoweza kuunganisha pande hizi mbili ni mfuko wa vitendawili. Mwalimu huweka katika mfuko vitu vitano au sita ambavyo watoto wanavijua: kijiko, kokwa la embe, kitana, kigunzi, kipande cha sifongo. Mtoto mmoja hutia mkono mfukoni bila kuchungulia, hukipapasa kitu, kisha huwaelezea wenzake: kina meno lakini hakiumi, ni kikavu, kinaingia kwenye nywele. Wenzake hutegua. Hapo mtoto ametumia sifa, ukanushaji na upatanisho wa kisarufi, na amekuwa mtungaji wa kitendawili, si mpokeaji tu. Michezo ya jadi kama mdako, unaohitaji kurusha kijiwe na kuvikusanya vingine kabla hakijaanguka, inastahili kupewa nafasi kama hiyo.

Vikwazo na Tahadhari

Mtazamo huu haukosi vikwazo. Cha kwanza ni idadi ya watoto. Darasa lenye watoto wengi na mwalimu mmoja haliwezi kufanya shughuli moja kwa pamoja kwa ufanisi. Hugawanywa katika vikundi vidogo vinavyopokezana pembe. Cha pili ni usalama: vitu vidogo kama mbegu na vizibo vinahitaji uangalizi, hasa kwa walio wachanga zaidi, kwani mtoto hujifunza kwa mdomo pia.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito. Yawezekana darasa likajaa vifaa na bado watoto wasijifunze lugha. Hali hiyo hutokea mwalimu anapokishika kifaa mwenyewe na watoto wakatazama, au watoto wanapocheza bila mtu wa kuzungumza nao. Swali la hiki ni nini hupata jibu la neno moja. Maswali ya umefanyaje, kitatokea nini, na kwa nini limeanguka humlazimu mtoto kuunda sentensi. Hivyo basi, kifaa hakichukui nafasi ya mwalimu. Humpa jambo la kuzungumzia.

Aidha, isidhaniwe kwamba kukariri hakuna faida. Nyimbo na mashairi hunoa kumbukumbu na kuyazoeza masikio mahadhi ya lugha. Kosa ni kukariri kunapogeuzwa kuwa mbinu ya pekee.

Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ina mihimili inayoshikika kwa mikono: ngeli zinaweza kutenganishwa katika trei, silabi zinaweza kupigiwa makofi, na kauli ya kutendua inaweza kuonekana katika kifuniko cha mkebe. Suala hili lina uzito nchini Kenya, ambako watoto wengi hukutana na Kiswahili wakiwa tayari na lugha nyingine ya nyumbani. Kwa mtoto huyo, kitu kilicho mkononi humpa maana bila kupitia tafsiri. Akikosa kitu hicho, hubaki akifuatisha sauti za wenzake, na pengo hilo humfuata hadi shule ya msingi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wafanye utafiti katika madarasa ya chekechea na kurekodi jinsi watoto wanavyozitumia ngeli wakati wa kucheza. Pili, waandishi wa vitabu vya watoto washirikiane na wanaisimu ili shughuli zilizomo zilenge maumbo mahususi ya lugha. Tatu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, vyama vya wanafunzi vitembelee shule za awali katika kaunti vilimo, vikusanye michezo na vitendawili vya watoto, na kuwarudishia walimu makusanyo hayo katika umbo wanaloweza kulitumia darasani.