Televisheni ya Maarifa na Mto Mara

Kila mwaka, hasa baina ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu huuvuka mto Mara kaskazini mwa Serengeti. Wapiga filamu kutoka nchi nyingi huwangojea ukingoni. Picha zao huonyeshwa na chaneli maalumu za maarifa, yaani vituo vya televisheni ambavyo kazi yake ni kueleza mambo ya hakika: wanyama, sayansi, historia na jiografia. Katika somo hili tutatazama namna chaneli hizo zilivyoanza, kisha tutajiuliza kama kinachoonyeshwa ndio ukweli wote.

CHIMBUKO LAKE

Hapo awali maarifa ya namna hii yalienezwa kwa filamu za sinema. Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Januari 1959 ndege hiyo ilianguka, Michael akafa. Alizikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro. Filamu yao ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar.

Televisheni ya kawaida, kwa kuwa hulazimika kumridhisha kila mtazamaji, iliweza kuvitengea vipindi hivi saa chache tu. Nyaya na setilaiti zilipoongeza idadi ya vituo, iliwezekana kituo kizima kushughulikia jambo moja. Ndipo John Hendricks alipoanzisha Discovery Channel nchini Marekani tarehe 17 Juni, 1985, ikipokewa na kaya 156,000 tu. Animal Planet ilifuata mwaka 1996.

Kwetu, Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake mwaka 1994. Tarehe 31 Desemba, 2012, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, kwa kuanzia Dar es Salaam. Mitambo ya dijitali hupitisha chaneli kadhaa katika masafa yaliyokuwa yakibeba moja. Desemba 2018, Shirika la Utangazaji Tanzania lilizindua Tanzania Safari Channel, ili kutangaza hifadhi, historia na utamaduni wa nchi.

KUTAZAMA KWA AKILI

Turudi mtoni. Mtazamaji humwona mamba akimkamata nyumbu, akadhani habari imekwisha. Utafiti wa Amanda Subalusky na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha zaidi. Kwa kumbukumbu za miaka 2001 hadi 2015, walikadiria kuwa wastani wa nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka katika sehemu ya mto iliyo Kenya. Mizoga hiyo ina uzito wa tani 1,100 hivi. Mamba hula sehemu ndogo sana. Tumbusi na ndege wengine huchukua yao. Samaki nao hula. Nyama huoza kwa majuma machache, lakini mifupa huchukua kama miaka saba, ikiachia fosforasi majini kidogo kidogo.

Basi, kwa nini tunamwona mamba mara nyingi kuliko mfupa? Kwa sababu mamba hushambulia kwa nukta chache, na kamera hupenda kinachotokea upesi. Maumbile hufanya kazi yake kubwa polepole. Mhariri wa filamu hasemi uongo, huchagua. Lakini kuchagua huacha mambo nje.

Jambo hili latuhusu. Maji hayohayo hutoka Kenya, yakapita Serengeti na Tarime, yakaingia ziwa Victoria. Wanaoyachota na kunyweshea ng'ombe ni wazazi wa wanafunzi wetu, nao ni nadra kuonekana katika filamu hizo. Kijana wa Mugumu asipojifunza kuusoma mto kwa macho yake, ataujua kwa kadiri alivyochaguliwa na mtu wa mbali.

MAZOEZI

1. Kwa takwimu zilizotajwa, tafuta wastani wa uzito wa nyumbu mmoja kwa kilo.

2. Tazameni kipindi kimoja cha wanyama. Andikeni mambo matatu yaliyoonyeshwa, na matatu mnayoyajua ambayo hayakuonyeshwa.

3. Ungepewa dakika kumi za televisheni kueleza mto au kijito cha kwenu, ungepiga picha za nini, na ungemhoji nani? Toa sababu.