Ubao wa Chini na Ukuta Usionyooka



Kikundi kikimaliza chumba cha chekechea au cha cherehani, huja swali la ule ubao wa kitako cha ukuta, mafundi huuita skatingi. Hapa kwetu Pwani kuta nyingi ni za mawe ya matumbawe, vile tuonavyo hata kwenye magofu ya Gede. Jiwe hilo halina uso laini, na plasta hulifuata. Ukiegemeza ubao ulionyooka, huku unagusa, kule unaacha mwanya wa kidole. Humo hukaa mende na hata nge, na watoto wanacheza hapo hapo.

Kwanza tuseme wazi: nyumba ya udongo na fito isiwekwe ubao huu. Mchwa hupanda nyuma yake bila kuonekana, mtakuja kushtuka wamefika kwenye paa. Hapo pigeni ukanda wa saruji wa kimo cha sentimita 10, pesa za mbao ziende kwenye madawati.

Kama ukuta ni wa mawe, msikimbilie msumeno. Telezesheni ubao ulionyooka ukutani na mtie chaki kila panapovimba. Uvimbe huo uondoeni kwa patasi kuukuu na nyundo, taratibu, plasta isije ikabomoka yote. Mara nyingi nusu ya kazi imekwisha hapo. Mabonde msiyalazimishe: ubao uliovutwa kwa misumari uingie bondeni hupasuka ukikauka wakati wa kaskazi. Tieni kijiti nyuma yake, mwanya wa juu mzibe kwa plasta.

Na sakafu je? Simamisheni ubao mahali pake, muusawazishe kwa pima maji na kabari ndogo. Tafuteni kipande cha mbao chenye unene sawa na mwanya ulio mkubwa kuliko yote. Kilazeni sakafuni, penseli juu yake, mkivute mwanzo hadi mwisho huku penseli ikichora kwenye ubao. Mstari utapanda na kushuka kama sakafu yenyewe. Kateni kwa kuufuata, msumeno umeinama kidogo ili upande wa nyuma uliwe zaidi, kisha malizieni kwa tupa.

Kwenye pembe, ubao wa kwanza ufike ukutani, wa pili uchorwe na kukatwa kufuata uso wa mwenziwe. Kuna mafundi wanaokata zote mbili nyuzi 45. Lakini ni pembe ngapi za nyumba zetu zina nyuzi 90 kamili?

Msumari haushiki vizuri kwenye tumbawe. Toboeni shimo, pigeni kigingi cha mbao ngumu iliyokauka, ndipo msumari uingie humo. Kila sentimita 60 yatosha.

Wako wanaopaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Chumba cha watoto, sisi tunakataa: oili hiyo ina sumu, na mtoto hugusa kisha akatia mkono mdomoni. Tumieni rangi, na upande wa nyuma upakwe pia kabla ya kugongomea, maana ukuta huvuta unyevu wakati wa masika.