Dondoo Muhimu: Ratiba ya Chakula Isiyomfunga Mpishi
Mwenye kutamani wasaa wa kusoma au kujifunza fani mpya, na aketi mara moja kwa juma aandike vitoweo vyake pasipo kuvifungamanisha na siku maalumu, kwa kuwa samaki hupatikana kwa majaliwa ya bahari, na mgeni huenda akabisha hodi bila taarifa. Maharage yarowekwe usiku kucha, yachemshwe mengi kwa pamoja bila ya tui, ambalo huchacha upesi, kisha yagawanywe na kuhifadhiwa katika jokofu: leo yaungwe kwa nazi, kesho kutwa kwa nyanya na bizari, yaliwe kwa chapati. Jioni isiyo na mapishi marefu itengewe kitabu, na vyombo vioshwe kwa zamu, baba naye akiwamo.