Umepanga Chumba, Umefuga Mbwa

Kijana anapoondoka kwao Kishapu kwenda kupanga chumba Kahama au Katoro, au kuingia kambi ya wachimbaji wadogo kule Nyarugusu, haichukui muda kabla hajatafuta mbwa. Kuna mashine ya kulinda, kuna viroba vya mawe. Nyumbani mbwa alikuwa wa boma zima, na baba ndiye aliyempeleka kwenye chanjo. Huku ulikohamia kazi hiyo ya baba ni yako.

Mbwa mdogo achanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muone afisa mifugo wa kata, na usikilize matangazo ya kampeni za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi yake itunze. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kambini watu huja na kuondoka kila wiki, kwa hiyo kiwango hicho hakifikiki kama wageni hawachanji mbwa wao.

Nchini mwetu Tanzania inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao ni watoto. Vifo hivi vinazuilika.

Ukiumwa na mbwa yeyote, hata wako, hata kama ni mkwaruzo tu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tunajua kambini maji hununuliwa kwa dumu. Yamimine yote. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Siku hiyohiyo nenda kituo cha afya. Zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa cha mbwa ya binadamu. Ukiambiwa haipo usirudi nyumbani, uliza inapatikana wapi na upande bodaboda mpaka hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Sindano ni zaidi ya moja, kwa tarehe utakazopangiwa. Zimalize zote, hata kama duara lenu, yaani shimo mnalochimba, ndiyo kwanza limeanza kutoa dhahabu.

Wengi hudanganyika hapa: jeraha hupona, mtu hurudi kazini, miezi miwili au mitatu hupita. Kisha pale alipoumwa huanza kuwasha, hushindwa kumeza, huogopa maji. Ikifika hapo, karibu kila mgonjwa hufa, awe hospitali au kwa mganga.

Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na anashikika bila hatari, asiuawe na kufukiwa harakaharaka. Afungiwe, afisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Wewe usizisubiri siku hizo ndipo uende kuchomwa sindano. Na si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Mwingine hupooza taya, udenda ukamtoka, ukadhani amekwamwa na mfupa. Usimtie mkono mdomoni.

Rashi mpya ikitangazwa, yaani dhahabu ikigunduliwa mahali pengine, kambi huhama na mbwa hubaki. Wakiwa na njaa huzurura majalalani, huzaana, na watoto wao hawachanjwi. Jambo hili linatuumiza, maana mbwa hao walilinda mali za watu. Kama huwezi kuondoka na wako, mkabidhi mtu unayemjua, umpe na kadi ya chanjo, na mwenyekiti wa kitongoji ajue mwenye mbwa sasa ni nani.