Nani Aliulizwa Kuhusu Maabara Ile?

Tangazo la kukaribisha maoni ya wananchi kuhusu maabara huwa dogo kama kiganja, limebanwa gazetini kati ya mnada wa magari chakavu na notisi ya hatimiliki iliyopotea. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati za usalama wa kibayolojia, zile zinazopima kama utafiti wa virusi, bakteria au viumbe waliobadilishwa vinasaba unaweza kufanyika bila kumdhuru aliye ndani ya maabara wala anayeishi nyuma ya ukuta wake. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara, barazani na njiani.

Mimi sikusoma baiolojia. Maoni yangu yatamfaa nini mtafiti?

Nikupeleke Cambridge, mji wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1976. Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kujenga maabara maalumu ya kuunganisha vipande vya DNA kutoka viumbe tofauti, kazi iliyokuwa changa na yenye kutisha. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kukutana wao kwa wao kule Asilomar, California, Februari 1975, wakajadili hatari zake. Wenyeji wa mji hawakuwa na habari. Meya wao, Alfred Vellucci, aliwaita maprofesa mbele ya baraza la mji mwezi Juni na kuwaomba kwanza waache vifupisho vyao vya herufi, maana wengi ukumbini hawakuvielewa.

Ndipo likaibuka suala la sisimizi. Jengo lililokusudiwa lilikuwa limejaa sisimizi wadogo wa rangi ya manjano, wale wanaoitwa sisimizi wa farao, ambao hupita kwenye nyufa na mabomba watakavyo. Andika utakavyo kuhusu milango miwili na hewa inayochujwa. Sisimizi hasomi mwongozo. Waliolitaja jambo hilo walikuwa wanabiolojia wa chuo chenyewe, lakini hoja hiyo hata mfagiaji wa jengo angeweza kuitoa, tena pengine mapema zaidi, kama angeulizwa.

Baraza lilisimamisha kazi za hatari kwa miezi mitatu, likaunda kamati ya raia. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya kupashia nyumba joto, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo mtawa muuguzi, mhandisi na daktari. Waliwasikiliza wataalamu wa pande zote, wakawahoji, wakarudi nyumbani kusoma. Januari 1977 walikuja na jibu ambalo wengi hawakulitarajia: utafiti uendelee, ila kwa masharti zaidi ya yale ya serikali kuu. Mji uwe na kamati yake ya uangalizi, afya ya wafanyakazi ifuatiliwe, na bakteria wanaotumika wapimwe kama ni sugu kwa dawa. Mwezi uliofuata ikawa sheria ya mji.

Waliosema sayansi ingekimbia walikosea. Kampuni ya Biogen ilikuja kufungua maabara zake papo hapo Cambridge, na leo mtaa wa Kendall Square umejaa kampuni za bioteknolojia. Mwekezaji anapenda kujua masharti ni yapi kabla hajamwaga zege.

Kwetu kuna sheria inayonipa haki hiyo, au ni hisani ya mkubwa?

Hapa Kenya ni haki. Katiba ya 2010, ibara ya 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 ndiyo iliyozaa mamlaka inayosimamia viumbe waliobadilishwa vinasaba. Mkataba wa kimataifa wa Cartagena nao, katika ibara ya 23, unazitaka nchi wanachama ziwashirikishe watu kabla ya kuamua kuhusu viumbe hao.

Haki hiyo ina meno. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba tangu Novemba 2012, wiki chache baada ya utafiti mmoja wa Ufaransa kuhusu panya uliowatia watu hofu. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likafuta marufuku ile. Kesi zikafunguliwa upesi, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikazuia kwa muda uagizaji. Moja ya hoja za walalamikaji ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Mimi sina ugomvi na vyakula hivyo. Ugomvi wangu ni kwamba marufuku iliwekwa kwa haraka, ikaondolewa kwa haraka, na mara zote mbili mkulima wa Kitale alipata habari redioni kama mimi na wewe.

Mbona mikutano mingi ya maoni huonekana kama maigizo?

Kwa sababu mingi ni maigizo. Nilihudhuria mmoja katika mji wa pwani ambao sitautaja. Uliitishwa Jumanne saa nne asubuhi. Wavuvi walikuwa baharini na mama lishe walikuwa jikoni. Taarifa ya mradi ilikuwa ya Kiingereza, nene kama kamusi, na nakala zilikuwa mbili tu kwa ukumbi mzima. Mtaalamu alizungumza dakika arobaini, maswali yakapewa kumi. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza maji machafu ya maabara yatapita mtaro gani, kwa kuwa mtaro wa mtaa wao hufurika kila masika. Akaambiwa swali lake "limechukuliwa". Kisha soda, kisha kutia saini karatasi ya mahudhurio. Baadaye niliisoma ripoti: wananchi waliunga mkono mradi kwa asilimia mia moja. Ile karatasi ya soda ndiyo iliyogeuzwa kura.

Swali la mtaro lilikuwa ndilo swali bora la siku ile. Halikuonekana popote katika ripoti.

Basi niulize nini nikipata nafasi?

Usijibane kwenye mambo ya jeni. Uliza kuhusu jengo, taka, umeme na saa za usiku.

Chukua taka. Mabaki ya maabara huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo ndani ya mtungi, kwa kawaida nyuzi joto 121, kabla ya kutupwa. Juu ya mfuko hubandikwa utepe ambao mistari yake hugeuka kuwa nyeusi ukipata joto. Wageni wakitembezwa huonyeshwa utepe huo na kuridhika. Lakini utepe unakuambia tu kwamba joto lilifika pale ulipobandikwa. Haukuambii kama vijidudu vya katikati ya mfuko vimekufa. Kwa hilo huwekwa kichupa chenye mbegu za bakteria wagumu sana kufa kwa joto, kisha hupelekwa kuoteshwa. Zikiota, mtungi umeshindwa kazi. Kwa hiyo uliza: kile kichupa mara ya mwisho kiliwekwa lini, na kitabu cha matokeo kiko wapi? Nimewahi kuona uso wa meneja ukibadilika kwa swali hilo, kutoka kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Umeme ukikatika saa nane usiku, feni zinazovuta hewa ndani zinaendeshwa na nini, na nani yuko zamu? Mfanyakazi akijichoma sindano, anapelekwa hospitali ipi, na daktari wa huko ameshaambiwa maabara inashughulika na kimelea gani? Na mwenyekiti wa mtaa ana namba ya nani?

Kijiji kikishakubali, si imetosha?

Haitoshi. Tazama Bana, kijiji cha Burkina Faso. Mwezi Julai 2019 mradi wa Target Malaria uliachia pale zaidi ya mbu dume 6,000 waliobadilishwa vinasaba wasiweze kuzaa; mbu dume haumi mtu, na lengo la hatua ile lilikuwa kujifunza tu namna wanavyosafiri na kuishi. Kabla ya hapo kazi ya miaka ilifanyika, na iliyonivutia zaidi ni ya lugha: waliketi na wenyeji na wanaisimu kutafuta maneno ya Kidioula ya vitu kama jeni. Huwezi kupata ridhaa ya mtu kwa jambo ambalo lugha yake haijalipa jina. Wakala wa taifa ulitoa kibali, kijiji kiliridhia.

Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ikausimamisha mradi. Mbu hajui mpaka wa kijiji, wala mjadala wake haukuishia hapo. Mijini watu walikuwa wakibishana kwa hoja zao, zikiwamo za kutowaamini wafadhili wa nje, na hizo hazikupata baraza la subira kama lile la Bana.

Kwa mataifa makubwa hali ikoje? Au huko maoni huheshimiwa?

Marekani ilitumia miaka kuandaa sera mpya ya kusimamia utafiti wa vimelea vya hatari, ikawaomba wanasayansi na umma maoni, ikaitoa Mei 6, 2024 ianze kutumika mwaka mmoja baadaye. Mei 5, 2025, siku moja kabla, rais alitia saini amri ya kuibadilisha. Nisiongeze neno.

Nikiamua kuandika, nifanyeje ili barua isiishie kapuni?

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Taja mradi kwa jina lake kama lilivyo kwenye tangazo, na tarehe ya tangazo. Usiandike "tunapinga" peke yake. Andika unachotaka kibadilishwe: mtaro uelekezwe kwingine, jenereta iongezwe, mkutano urudiwe jioni. Ombi la namna hiyo humlazimu mtu kujibu ndiyo au hapana. Peleka kabla ya siku ya mwisho, kwa mkono kama unaweza, pamoja na nakala ya pili. Karani wa masjala akikuambia acha tu hapo mezani, mwombe kwa upole aigonge muhuri wa kupokelewa nakala yako, wenye tarehe. Atasema muhuri uko kwa bosi. Msubiri bosi.