Somo la Pato, Matumizi na Akiba

Ndugu zetu wasomaji, wengi katika sisi hudhani kuwa akiba ni kazi ya tajiri, na mwenye pato dogo hana cha kuweka. Dhana hii si sahihi. Tajiri akikosea hesabu hupungukiwa na anasa. Mnyonge akikosea, mwanawe hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya skuli.

Katika kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, twaona kuwa akiba ya Misri iliwekwa katika miaka saba ya neema, wala haikungojewa miaka saba ya dhiki. Tena palielezwa muda wake, na namna ya kuihifadhi nafaka katika mashuke yake. Huu ndio mpango.

Tuchukue mfano wa Isebania, mji wa Migori ulio mpakani, ukitazamana na Sirari ya Tanzania. Hapo hupita njia kuu iendayo Tarime, Musoma na Mwanza. Hadi mwaka 1966, nchi hizi zilipoanza kutoa fedha zao wenyewe, shilingi ilikuwa moja pande zote mbili. Leo ni mbili, na thamani zake hupanda na kushuka. Mchuuzi wa nguo hufunga duka jioni, mkoba umejaa noti za nchi mbili, naye akadhani yote yale ni pato lake. Sivyo. Sehemu kubwa ni rasilmali, na mwenye kula rasilmali hukata mti aliokalia.

Basi jambo la kwanza ni kuhesabu fedha zote kwa shilingi moja, ile anayonunulia mali, kisha kutenga. Tuseme ameuza kwa mwezi shilingi 150,000 za Kenya. Atoe 110,000 za kununulia mali nyingine, na 10,000 za kodi ya duka, ushuru na uchukuzi. Pato lake ni 30,000 tu, na hizo ndizo za nyumbani.

La pili, aitaje haja yake kwa kiasi na muda. Kusema “nitaweka nikipata” si mpango. Aseme: ifikapo Januari nataka 36,000 za ada. Akianza Aprili, hadi Disemba ni miezi 9. Kila mwezi ni 4,000.

La tatu, fungu la akiba litoke mwanzo, si mabaki ya mwisho, kwani mabaki hayabaki. Katika zile 30,000, atoe 4,000 za ada na 2,000 za maradhi na misiba. Kisha chakula 13,000, kodi ya nyumba 5,000, maji, mafuta na nauli 3,000, jamaa na sadaka 2,000, na 1,000 ya madogo madogo. Hesabu imetimia.

La nne, aandike kila senti itokayo, japo ya chai. Mwisho wa mwezi daftari litamwonyesha tundu linalovuja. Na mkewe aijue hesabu hiyo, maana mpango wa mtu mmoja huvunjwa na wawili.

La tano, akiba isikae pamoja na fedha za duka. Aiweke katika chama cha watu waaminifu chenye daftari, au katika benki isiyo na riba. Kenya imekuwa na benki kamili za namna hiyo tangu mwaka 2008. Fedha iliyo katika simu ni karibu mno na mkono.

Atakayesema pato lake halifiki hapo, na aanze kwa shilingi 20 kwa siku. Kwa mwaka ni 7,300. Wala huku si ubakhili. Bakhili huzuia haki ya watu wake. Mwenye kupanga huiwekea haki hiyo siku yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.

Wabillahi tawfiq.